Tisheti Sitini za Msamaha

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi za mtori, utomvu umenijaa mpaka kwenye viwiko, na simu ya duka iko kwenye mfuko wa sketi inatetemeka bila kupumzika.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Bibi Ndelilio alipochomoa tisheti moja kwenye katoni, akaitandaza mapajani, akavaa miwani, akaivua, halafu akauliza swali lililozima kelele za ua mzima:

"Nani kamtuma nani akaombe msamaha?"

Hata mbuzi alinyamaza, ingawa yeye alikuwa na sababu zake.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo kwa kufungia vitumbua na ukajikuta unasoma, kifupi ni hivi.

Kaka yangu Fabian ana duka la tisheti la mtandaoni linaitwa Vaa Mlima. Ukifungua ukurasa unakuta "Makao Makuu: Moshi". Makao makuu yenyewe ni nyuma ya kochi la mama, mtaani Pasua. Mashine ya joto imekaa juu ya cherehani bovu, na mama akitaka kupiga pasi inabidi kampuni isimamishe uzalishaji. Fabian ni Mkurugenzi Mtendaji. Mimi Digna, kidato cha tatu, ni Idara ya Ubunifu, Idara ya Huduma kwa Wateja, na ndiye ninayekunja.

Wafuasi tunao elfu kumi na mbili. Elfu kumi na moja Fabian aliwanunua, na wengi wao wanaandika kwa herufi ambazo hata mwalimu wetu wa jiografia hajui ni za nchi gani.

Sasa, ukoo wetu hukutana kila baada ya Krismasi huku Kilema kwa babu yetu, Mzee Wenseslaus. Mwaka huu shangazi yetu Violet, anayeishi Dar na ndiye admini wa grupu la ukoo, akatuagiza tisheti sitini. Akatuma sauti: "Fabi mwanangu, nataka kitu cha asili lakini cha kishua. Wekeni lile jani la nyumbani, lile refu. Mlifunge fundo hapo katikati, likae kama tai."

Jani hilo ni isale. Aliyekulia mlimani anajua isale linapandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Na anajua kwamba ukilifunga fundo ukampelekea mtu, umemwambia: nimekosa, nisamehe. Aliyepelekewa hana ujanja. Isale halikataliwi.

Nilimwandikia Fabian: "Kaka, isale lenye fundo ni la kuombea msamaha. Nitoe fundo?"

Akanijibu kidole gumba. Nikajua kaelewa. Kumbe Fabian anajibu kidole gumba kwa kila kitu. Alinijibu kidole gumba hata siku niliyomwandikia kwamba mashine inatoa moshi. Kesho yake nikakuta tisheti zote sitini zimeshachapwa, fundo katikati ya kifua.

Haya yote yangekuwa mambo madogo kama Babu Wenseslaus angekuwa hana mtu aliyekosana naye. Lakini anaye, tena hapo hapo ng'ambo ya mpaka. Ni kaka yake wa tumbo moja, Mzee Elimringi, sisi tunamwita Babu Mkubwa. Hawajasemeshana tangu mimi niko chekechea.

Kisa ni kidari cha mbuzi.

Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na kwenye ukoo wetu kidari ni cha kaka mkubwa. Krismasi ile Babu Mkubwa alichelewa kurudi kutoka Himo. Babu Wenseslaus akakitazama kidari, akaona kinapoa, akakila. Babu Mkubwa alipofika akakuta mfupa. Akaenda kilabuni, akawatangazia wanywa mbege wote kwamba mdogo wake ni mlafi tangu utotoni. Basi. Tangu hapo Bibi Ndelilio, dada yao, anakula Krismasi mbili kila mwaka, mchana huku na jioni kule, na anabeba salamu wasizotumana.

"Nataka kuwaona kwenye benchi moja kabla sijafa," huwa anasema. "Nimechoka kutunga salamu."

Haya, turudi uani.

"Nimeuliza," Bibi akarudia, "nyie watu sitini mnakwenda kumwomba nani msamaha?"

"Shangazi, hatuendi popote," akajibu Shangazi Violet, miwani ya jua kichwani na ukungu umejaa mpaka kwenye migomba. "Hii ni dizaini. Tutapiga picha tu."

"Isale halipigwi picha. Isale linapelekwa."

"Sasa hivi dunia imebadilika, Shangazi."

"Imebadilika mpaka mnaomba msamaha bila kujua? Mae!"

Baba yangu, Julius, ambaye ndiye alikuwa anachoma nyama, akaja mbio kisu mkononi. Akaitazama tisheti. Akajitazama kifuani, maana alikuwa ameshaivaa. Akawa wa kijivu.

"Mzee ameliona hili?"

"Yuko chumbani anavaa yake," nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo huwa naambiwa nirudie.

"Unasemaje?"

"Anavaa yake!"

"Vueni!" baba akaamuru. "Vueni wote kabla hajatoka! Na kabla ya yule wa ng'ambo hajachungulia!"

Hapo ndipo ukoo ulipoonyesha rangi zake. Tisheti za bure hazivuliwi hivi hivi tu. Mmoja akasema alichokuwa amekuja nacho kimeshaloana. Mwingine akasema anaumwa kifua. Mke wa baba mdogo akasema yeye ni wa kutoka Singida, kwao jani ni jani, kwa hiyo avue kwani amemkosea nani?

"Basi zigeuzeni ndani nje," akaamua Shangazi Violet.

Zikageuzwa. Kwa muda mfupi ukoo mzima ulisimama umevaa mishono nje, kama watu waliotoka kuunguliwa na nyumba. Bibi Ndelilio akaketi. Baba akapumua.

Na ndipo Mkurugenzi Mtendaji akatokea upande wa kahawa, simu juu, meno nje.

"Watu wangu wa nguvuuu! Tuko laivu kutoka mteremkoni, hewa safi, ukoo bora, tisheti bora! Mnaona wenyewe... Sasa mbona mmezigeuza?"

"Fabi, zima!" Shangazi Violet akanong'ona.

"Hatuwezi kuzima, kuna watu mamia wanatazama! Geuzeni, geuzeni haraka, msinitie aibu kwa wateja!"

Walikuwa ishirini na watatu. Wale wa kununuliwa huwa hawaji laivu.

Lakini ninyi mnajua nguvu ya kamera. Watu wale wale waliosikia amri ya baba, waliomsikia Bibi, walipoona simu imewaelekea wakageuza tisheti zao, wakavuta matumbo ndani, wakatabasamu. Majani sitini yenye mafundo sitini yakatazama mtandao. Aliyeumwa kifua ndiye aliyekitoa mbele kuliko wote.

Simu ya duka ikatetemeka tena mfukoni. Nikaitoa. Nikagusa kioo, kikanikataa. Utomvu wa ndizi haujali una kazi gani. Nikajaribu kidole kingine, hola. Nikainama nyuma ya sufuria la mtori, nikafungua kwa pua.

Kulikuwa na maoni mapya chini ya video. Yametoka kwa Doris.

Doris ni mjukuu wa Babu Mkubwa. Tunasoma darasa moja, na tumekaa miaka yote mitatu tukijifanya hatujuani, kwa heshima ya kidari.

Aliandika: "Babu anaangalia na mimi hapa. Amevua kofia. Anauliza, ni kweli?"

Nilitaka kupiga kelele. Naapa nilitaka. Ikatoka pumzi tu.

Fabian yeye huwa anasoma maoni yote kwa sauti, kwa sababu aliona kwenye video moja kwamba hiyo inajenga ukaribu na mteja.

"Doris anauliza, ni kweli? Doris, mteja wetu mpendwa, ni kweli kabisa! Hapa hakuna feki! Hiki unachokiona kimetoka moyoni kwa ukoo mzima, na tunakuletea mpaka ulipo!"

Bibi Ndelilio akajishika kichwa. Baba akadondosha kisu. Ng'ambo ya mpaka, mlango ukafunguliwa.

Hakupita kwenye upenyo wa isale ambao watoto wanapita wakifuata mpira. Alizunguka, akaja kwa njia ya mbele, kama mgeni. Koti zito, fimbo, kofia mkononi. Doris nyuma yake ameshika simu. Babu Mkubwa hakuwa amekanyaga ua ule tangu siku ya mfupa.

Watu wote wakasimama. "Shikamoo" zikatoka za kila saizi. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa vifuani. Alipita mmoja mmoja, anatazama jani, anatikisa kichwa, anasogea. Alipofika kwa yule wa Singida akamwekea mkono begani.

"Hata wewe, mwanangu," akamwambia. "Na wala hukuwepo."

"Ndiyo, baba," yule mama akajibu, na machozi yakamtoka. Hakujua analia nini.

Kabla hatujajua tumpe kiti au tumpe maelezo, sauti ikanguruma ndani ya nyumba.

"Fabian! Hii fulana umemchapia nani, mtoto wa komunyo?"

Babu Wenseslaus akatoka mlangoni na koti lake la kila siku, tisheti ameishika mkononi kama tambara la jikoni. Akainua kichwa.

Wakatazamana.

"Wenseslaus."

"Elimringi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Bibi Ndelilio alinishika mkono, utomvu na yote, akaukaza.

"Nimeona kwenye simu ya mtoto," Babu Mkubwa akasema. "Watu sitini! Mimi ningeridhika na jani moja."

"Jani gani?"

"Nimelipokea. Ningelikataaje?" Akajifuta macho kwa kofia. "Sikutegemea. Nilisema huyu atakufa na kiburi chake. Nimekuja kukuambia nilikosea kusema hivyo."

Babu akatazama kushoto. Jani. Akatazama kulia. Jani. Akamtazama baba yangu, mwanawe wa kwanza, akakuta jani lenye mafuta ya mbuzi. Niliona kabisa anavyoelewa, taratibu, kama mtu anayekuta nyumba yake imeuzwa na yeye yuko ndani.

"Sikutuma mtu," akasema.

"Hilo ni pambo tu. Ni mambo ya Violet na watoto. Mimi sijaomba msamaha, na wala sina cha kuombea. Nyama ilikuwa inapoa!"

"Baba!" Shangazi Violet akasema.

"Ilikuwa inapoa!"

Nilidhani Babu Mkubwa atainua fimbo. Hakuinua. Aliitazama ile tisheti mkononi mwa mdogo wake.

"Na yako mbona hujaivaa?"

"Hainitoshi."

"Haikutoshi?"

"Ni ndogo, Elimringi! Fabian alikisia saizi. Unataka nivae shingoni?"

Babu Mkubwa akafikiri. Akaenda kwenye benchi refu lililo chini ya mibuni ya kahawa, akaketi ncha ya mwisho kabisa.

"Kwa hiyo watoto wako wameomba, wewe bado," akasema. "Sawa. Nitapumzisha miguu hapa. Sili, sinywi. Mtoto wa Julius atakapokata kidari, kama bado hujaomba, ndipo nitainuka niende kwangu, na safari hii sitarudi hata kwenye jeneza lako."

"Mimi ndiye Julius, baba mkubwa," baba akasema taratibu.

"Umekua," Babu Mkubwa akajibu.

Babu Wenseslaus akatukamata mimi na Fabian, akatusukuma nyuma ya jiko.

"Mmeliandika wapi hili jambo?"

"Mtandaoni, Babu," Fabian akasema.

"Na mlifute huko huko. Andikeni kwamba ni makosa ya kiwanda. Jani ni pambo, sijamwomba mtu chochote. Watu wote wasome. Liwe limeshatoka kabla kidari hakijakatwa!"

"Babu, sisi Vaa Mlima mteja ni mfalme."

"Na usinichekee!"

Akaondoka. Fabian akakunja mikono ya shati. Nimemjua kaka yangu miaka yote, na sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alikuwa amepata skendo yake ya kwanza.

"Digna, andika. Uongozi wa Vaa Mlima unapenda kukanusha vikali..."

"Kaka, mikono ina utomvu."

"Si ulikuwa unatumia pua? Nilikuona. Andika. Unapenda kukanusha vikali taarifa kwamba jani lililo kwenye bidhaa zetu lina uhusiano wowote na msamaha. Kampuni haijamwomba radhi mtu yeyote, na haina mpango huo. Mwisho weka, punguzo la asilimia kumi mpaka mwaka mpya."

"Weka na namba yangu ya Dar," Shangazi Violet akaongeza, ametokea sijui wapi. "Lakini jina langu msiweke."

Nikapata mafuta ya kupikia, nikasugua vidole, nikaandika. Nilikuwa naandika polepole kuliko nilivyowahi kuandika insha yoyote. Bibi Ndelilio akaja akasimama pembeni yangu, ameshika ukuta.

"Wewe ndiye mwenye hiyo simu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Isale likishapokelewa halirudishwi. Wakiliandika hilo neno, yule pale atainuka, na mimi nitazikwa sijawaona pamoja. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe ni mtoto wa kunyamaza. Wote wanasema. Leo nyamaza vizuri."

Akaondoka. Nikamaliza kuandika. Mkanusho wote ulikuwa pale, mpaka asilimia kumi yake. Kilichobaki ni kubonyeza. Fabian alikuwa ameshahamia kwenye moto, anamwomba baba ageuze nyama kwa ajili ya video.

"Kidari kinakaribia!" baba akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Nikachungulia. Babu Mkubwa bado ameketi ncha yake ya benchi. Babu Wenseslaus ameketi kwenye ngazi za nyumba, amempa mgongo, ameweka tisheti gotini. Katikati yao kuna watu sitini wanajifanya wanasonga ngararimo, chakula chetu cha mlimani, wanapepea moto usiohitaji kupepewa, wanaonja pilau ya mchele wa Chekereni kwa mara ya nne.

Mbege ya Babu Mkubwa ilikuwa kwenye kata, haijaguswa. Alikuwa anamwambia Doris kitu sikioni. Doris anaandika. Doris akainua macho, akanitazama moja kwa moja, kitu ambacho hajawahi kufanya hata siku tulipopangwa kuosha darasa pamoja.

Simu ikatetemeka.

Oda mpya.

Sisi tuna utaratibu wetu wa oda, Fabian aliuiga kwa duka la Dar. Na Babu Mkubwa aliufuata neno kwa neno, kama mtu anayejaza fomu za pembejeo:

"Jina: Elimringi. Idadi: mbili. Rangi: yoyote. Dizaini: jani lile lile, na fundo lisilegee. Saizi ya kwanza ni XL, yangu mimi, kwa sababu na mimi kuna maneno niliyasema kilabuni. Saizi ya pili ni ya mdogo wangu. Zamani tulikuwa tunaazimana makoti. Siku hizi sijui amekuwaje. Naomba mumuulize."

Kabla sijameza mate, ukurasa wetu ukajijibu wenyewe, maana Fabian aliuwekea jibu la moja kwa moja:

"Asante kwa kuchagua Vaa Mlima! Wewe ni wa thamani kubwa kwetu. Tutakujibu ndani ya masaa ishirini na nne!"

Doris akamsomea. Babu Mkubwa akatikisa kichwa kwa heshima.

"Si mbaya," nilimsikia akisema. "Nimeshasubiri zaidi ya hapo."

Sasa nifikirieni mimi. Ningeweza kutembea hatua chache mpaka kwenye ngazi, nikamwambia Babu kwa mdomo. Lakini mimi kwa mdomo sijawahi kumwambia Babu kitu zaidi ya shikamoo na chakula tayari. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nageuka ukuta. Ila nipe simu. Kwenye simu mimi ni Idara.

Nikaurudia mkanusho. Nikashikilia kile kitufe cha kufuta mpaka "vikali" ikaondoka, mpaka "punguzo" ikaondoka, mpaka kioo kikawa cheupe.

Halafu nikatafuta namba ya Babu.

"Shikamoo, Babu. Hapa ni Vaa Mlima, huduma kwa wateja. Kuna mteja amekuagizia fulana kama ile, inayokutosha. Na yeye amejiagizia yake. Anasema zamani mlikuwa mnaazimana makoti, ila siku hizi hajui saizi yako. Anaomba umtajie."

Nikatuma.

"Digna!" Fabian akapaza sauti kutoka kwenye moshi. "Imeenda?"

"Imeenda," nikasema. Na sikudanganya.

Kwenye ngazi, koti la Babu likalia. Akapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, akaitoa simu. Akaipeleka mbali, akaivuta karibu. Akatafuta miwani, akaikuta kichwani. Akasoma huku midomo inacheza.

Akasoma tena.

Hakugeuka nyuma. Aliichukua ile tisheti ya mtoto wa komunyo, akaigeuza, akatafuta kitambaa kidogo cha shingoni kinachoandikwa saizi. Akakitazama sana.

"Kidari kimeiva!" baba akaita, kisu juu. "Wazee, nakikata! Nampa nani?"

Watu sitini wakamtazama Babu. Babu Mkubwa akashika fimbo yake, akaiweka sawa kwa ajili ya kuinuka.

Mimi nilikuwa naangalia kioo. Tiki mbili zikawa za bluu. Chini ya jina la Babu pakatokea neno: anaandika...

Likapotea.

Likatokea tena.

Likapotea. Nikasubiri. Kisu cha baba bado kiko hewani, Bibi Ndelilio kashika benchi kwa mikono miwili utafikiri ndiye analizuia lisiondoke, na kwenye simu yangu ujumbe wangu umekaa peke yake na tiki zake mbili za bluu, na chini yake hakuna kitu. Nawaacha hapo mpaka wiki ijayo.